Mize Nzuri ni Sifuri: Juu ya Roboti ya Pari na Sanduku Yetu



Mu mikutano ya vikundi vya mtaa, wazo moja limezunguka kutoka Katuba mpaka Ruashi, na Jumamosi linafika ku mkutano mkubwa. Wazo lenyewe ni hili: dolari 400 zenye kuwa mu sanduku ya harakati zitiwe mu roboti ya pari. Roboti, maana yake programu yenye kucheza yenyewe, usiku na mchana, bila mtu kugusa telefone. Itacheza mu konti kumi na mbili, ku kampuni za pari mbalimbali, na itafuata "metode" ya kuweka mize. Wenye kuileta wanaonyesha historia ya mechi zake: kila siku kijani, kila siku faida. Wanachama kumi na mbili watatoa majina yao na namba zao juu ya kufungua konti. Kisha miezi mbili tatu, wanasema, sanduku itakuwa mara mbili.

Mimi ni mwanachama kama ninyi. Naandika juu ya kuomba tuseme hapana. Sisemi hapana juu ya dhambi, hapa haiko kanisa. Tena sisemi kama vijana wenye kucheza pari ni wavivu. Kijana mwenye kumaliza masomo ku Kasapa na kukaa miaka mine bila kazi hakuchagua pari mbele ya kazi. Alitafuta kazi, akakuta kibanda cha pari. Nasema hapana juu ya hesabu, na juu ya majina yale kumi na mbili.

Tuanze na hesabu, polepole, kila mtu afuate na telefone yake mu mkono.

Nyumba inakula namna gani

Tuseme Mazembe na Lupopo wanacheza derby. Kampuni inaweka kote: Mazembe 2.10, sare 3.20, Lupopo 3.30. Gawanya 1 kwa kila kote, kisha jumlisha. 1 kwa 2.10 inatoa 0.476. 1 kwa 3.20 inatoa 0.3125. 1 kwa 3.30 inatoa 0.303. Jumla ni karibu 1.09. Kama kote zilikuwa za haki, jumla ingekuwa 1 kamili. Ile 0.09 ya juu njo mlo wa nyumba. Maana yake, kama watu wanaweka feza mu upande zote tatu kwa kipimo cha kote, kila franka 1.000 yenye kuingia, karibu 916 inarudi ku wachezaji na 84 inabaki ku kampuni, hata nani ashinde.

Franka 84 mu 1.000 inaonekana kidogo. Sasa angalia tike ya mechi kumi, ile yote tunaona mu bibanda, yenye mtu anaweka franka 500 na kuota milioni. Kila mechi unayoongeza, nyumba inakula tena. Ukizidisha 0.916 mara kumi, unapata 0.416. Ni kusema mu franka 1.000 zenye kuwekwa ku tike za mechi kumi, kwa wastani paka 416 zinarudi. Hata ukichukua mechi "za hakika", kila moja kote 1.30, tike inalipa karibu mara 14, lakini nafasi ya kushinda ni kama 3 mu 100. Njo maana kampuni zinapenda tike ndefu na zinatoa bonusi juu yake. Mwenye duka hatoi zawadi ku bidhaa yenye inamupa hasara.

Mtu atasema: lakini maajabu yako! Ndiyo, yako. Desemba 2010, ku Abu Dhabi, Mazembe yetu ilipiga Internacional ya Brazil 2 kwa 0 na ikaingia fainali ya kombe la dunia la klabu. Sote tunajua. Lakini kote ni bei ya maajabu, na bei hiyo mwenye duka alishaiweka mbele ya wewe kuingia. Kulipwa sana siku ya maajabu haiko faida kama siku zingine zote ulilipa zaidi ya bei ya haki.

Metode zinabadilisha nini

Sasa tufike ku "metode". Iko mingi, na kila moja iko na jina nzuri. Lakini zote zinajibu ulizo moja tu: ku pari hii, niweke ngapi? Hakuna hata moja yenye kujibu ulizo ingine, ile ya muhimu: hii pari ni nzuri ao ni mbaya?

Ya kwanza ni mize moja: kila mara unaweka dolari 4, ushinde ao upoteze. Tuchukue pari nyepesi yenye kote 2.00 na nafasi ya kweli 48 mu 100. Kila dolari unayoweka, kwa wastani unapoteza senti 4. Roboti ikicheza pari 10 kwa siku, siku 30, imeweka dolari 1.200. Hasara ya wastani: dolari 48.

Ya pili ni asilimia: kila mara unaweka 2 mu 100 ya ile yenye kubaki. Watu wa metode hii wanasema huwezi kufilisika, juu mize inapungua na sanduku. Ni kweli, haufilisiki siku moja. Unayeyuka. Kisha pari 300, dolari 400 zinakuwa kwa wastani karibu 315.

Ya tatu njo ile ya roboti yetu. Jina lake la zamani ni martingale. Ukipoteza, unaongeza mize mara mbili, mpaka ushinde. Unaweka dolari 1. Ukipoteza, 2. Kisha 4, 8, 16, 32, 64, 128. Siku unashinda, unarudisha yote yenye ilipotea na dolari 1 juu. Ni metode yenye kulewesha, juu karibu kila mara inafanya kazi. Narudilia: karibu kila mara. Hapo njo mtego.

Fanya hesabu. 1 na 2 na 4 mpaka 128, jumla ni 255. Ukipoteza mara nane mfululizo, mize ya tisa inapaswa kuwa 256. Sanduku yetu ya 400 imebaki na 145. Roboti imekwama, na dolari 255 zimekwenda juu ya kutafuta dolari 1. Nafasi ya kupoteza mara nane mfululizo ni kama 1 mu 187. Mtu anasikia 1 mu 187, anasema haitatufikia. Lakini roboti hailali. Ikifanya mizunguko 10 kwa siku, mu siku 30 imefanya 300. Nafasi ya kukutana na ule mwanya hata mara moja mu mwezi ule ni kama 80 mu 100.

Kumbe ile historia ya kijani haiko uongo. Inaweza kuwa kweli kabisa. Chukua vijana kumi, kila mmoja anawasha roboti moja leo. Kisha mizunguko 100, karibu sita watakuwa na historia safi, hakuna hata kuanguka moja. Wale wane wengine watanyamaza, juu ya haya. Wale sita njo watakuja kukuonyesha telefone. Hawakudanganyi, wako tu watu wenye mwanya haujawafikia. Historia ya wiki tatu za martingale inaonyesha kama mtu bado hajaanguka, basi.

Mufikiri mwendesha moto mwenye kusema: nimepita ku krazema ile bila kuangalia mara mia, sijagongwa. Tutamupa moto ya harakati?

Na zile konti kumi na mbili?

Hapa wenye wazo wanasema: njo maana tunagawanya. Mayai yote mu kitunga kimoja hapana.

Mezali mezuri, lakini ku martingale inageuka. Gawanya dolari 400 mu konti kumi na mbili: kila konti inapata 33. Dolari 33 inabeba mize ngapi? 1, 2, 4, 8, 16: jumla 31. Mize tano tu. Nafasi ya kupoteza mara tano mfululizo ni kama 1 mu 26. Kila konti, peke yake, iko karibu na kifo mara saba kuliko sanduku nzima. Tumegawanya sanduku, na mwanya umekuja karibu.

Iko namna ingine ya konti mingi, na hii niseme ukweli wake, juu iko na akili ndani. Kampuni mbili hazikubaliani. Moja inatoa 2.10 ku upande mmoja, ingine 2.05 ku upande wa pili wa pari ileile. Ukiweka dolari 49,40 huku na 50,60 kule, matokeo yoyote unapata karibu 103,70. Dolari 3,70 bila hatari. Vijana wanaita hii pari ya hakika, na ku karatasi ni ya hakika kweli.

Mu maisha ya Lubumbashi, sasa. Kote kama hizo zinakaa dakika, mara ingine sekonde. Roboti inaweka upande wa kwanza, kisha resò inakatika ao kurà inakwenda, na upande wa pili umebadilika. Umebaki na pari ya kawaida, tena kubwa. Feza inapaswa kulala mu konti zote saa zote, tayari. Kila mara upande mmoja unashinda, feza inajaa kule na kuisha huku. Unapaswa kutoa na kuingiza kupitia M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, na kutoa feza kunalipiwa. Ile 3,70 inaanza kulika mbele hata haijafika mu mkono.

Na juu ya yote, kampuni hazipendi mchezaji wa aina hii. Hapa hatuko na lazima ya kukisia, juu watu wa sayansi walishajaribu. Lisandro Kaunitz, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Tokyo, na wenzake wawili walichapisha kazi yao mu 2017. Walichunguza mechi karibu 480.000 za miaka kumi, 2005 mpaka 2015. Waliona kama ukilinganisha kote za kampuni mingi na kucheza paka ile yenye kutoka mu mustari, unaweza kupata faida. Hawakubuni metode ya kuongeza mize: walitafuta bei mbaya ya mwenye duka. Kisha wakacheza na feza ya kweli miezi mitano, na wakapata faida. Unajua nini ilifuata? Kampuni zilianza kuwafungia: mize ya juu ikashushwa, pari zao zikakataliwa ao kupitia ruhusa kwanza. Wakaacha.

Ushike hii vizuri. Kama roboti yetu inapoteza, kampuni itaipenda na kuipa bonusi. Kama roboti yetu inashinda, kampuni itaifunga. Mu malango mawili hayo, hakuna lenye kuingia mu sanduku.

Formula yenyewe inasema nini

Iko mtu mmoja mwenye aliuliza ulizo la mize kwa uaminifu. Anaitwa John Kelly, alikuwa anatumika ku maabara ya Bell, Marekani, na aliandika formula yake mu 1956. Wachezaji wa hesabu kubwa mpaka leo wanaitumia. Iko fupi. Chukua faida yenye kote inatoa juu ya kila dolari, zidisha na nafasi yako ya kushinda, toa nafasi ya kupoteza, kisha gawanya na ile faida. Jibu njo sehemu ya sanduku yako ya kuweka.

Jaribu. Kote 2.00, faida ni 1. Kama wewe unajua mambo kuliko kampuni na nafasi yako ya kweli ni 52 mu 100: 0.52 kutoa 0.48, jibu 0.04. Weka 4 mu 100 ya sanduku, dolari 16. Sasa tia ile ya kweli yetu, 48 mu 100: 0.48 kutoa 0.52. Jibu ni 0.04 chini ya sifuri. Chini ya sifuri, wandugu! Formula nzuri kuliko zote za mize inatuambia: weka sifuri. Kama ingeweza, ingesema uwe wewe mwenye kampuni.

Njo neno lote la barua hii. Mize haigeuzi pari mbaya kuwa nzuri. Inachagua tu namna ya kupoteza: polepole, haraka, ao kimya muda mrefu kisha kishindo. Hasara yako kwa wastani ni feza yote uliyopitisha ku meza, mara asilimia ya nyumba. Basi. Na roboti inafanya nini? Inapitisha feza mingi ku meza, haraka, bila kuchoka. Mtu wa kawaida analala, anakosa mega, anakwenda kuzika ndugu. Siku hizo hapotezi. Roboti haizike mtu.

Majina kumi na mbili

Hesabu ingetosha. Lakini kwangu mimi jambo kubwa ni lingine.

Kuwa na konti moja ku kampuni moja na konti ingine ku kampuni ingine, hiyo haiko makosa. Lakini tusome tena wazo: konti kumi na mbili za mtu mmoja anayeongoza, kwa majina ya wengine. Karibu kampuni zote zinaandika mu masharti yao: mtu mmoja, konti moja, kwa jina lake mwenyewe. Wakikamata, wanafunga konti na feza yenye kuwa ndani inabaki kwao. Hautakwenda ku tribinali kulalamika. Utasema nini, kama ulikodisha jina?

Na nani atakodisha jina? Tunajuana. Ni wale wadogo wenye wameingia juzi mu harakati na hawawezi kusema hapana ku yaya yao. Watatoa picha ya kadi ya uchaguzi, juu mu inchi hii njo kadi tuko nayo: miaka mingi Leta haikutupa kitambulisho, tunatambulishwa na karatasi ya kura. Watatoa namba ya telefone, na kila mara meseji ya kode inafika, watamutumia mwenye roboti. Kuanzia siku hiyo, mtu mwingine anatembea na jina lao. Kesho ile konti ya mobile money ikipitisha feza ya wizi, jina lenye kuonekana ni la mtoto wa Kamalondo, siyo la mwenye roboti. Sheria ya numérique iko, imetiwa sahihi tarehe 13 Machi 2023, na inasema juu ya data za mtu. Lakini itakulinda namna gani kama wewe mwenyewe ulipeleka kadi yako kwa WhatsApp?

Sasa tujiulize sisi ni nani. Tunapanda ku barabara kusema: listi za mishahara ya Leta ziko na watumishi hewa, majina bila watu. Tunasema: listi za uchaguzi zisafishwe. Tunaandikia meri, tunaandikia gouverneur: onyesheni hesabu, nani amelipwa, kwa jina gani. Halafu usiku tunaketi na konti kumi na mbili zenye majina ya watu wasiocheza? Siku gazeti moja itaandika, tutajibu nini? Hatuna bunduki, hatuna cheo, hatuna redio. Kitu kimoja tuko nacho ni kama tukisema jambo, watu wanajua tuko watu wa kweli. Hiyo ikiingia mu tike, hairudi.

Na ile dolari 400 ni nini? Ni mchango wa franka 2.000 ya yule mama wa soko ya Kenya mwenye anatuamini, ya wanafunzi wa Kasapa wenye walitembea kwa mguu juu ya kuiweka. Siku mwenzetu anakamatwa, sanduku hiyo njo inamupelekea bukari na maji, inalipa taxi ya avoka, inanunua dawa. Kukamatwa hakungoji roboti imalize mzunguko wake. Mkubali nafasi ya 80 mu 100 juu ya feza yenu kama munataka. Juu ya chakula cha mwenzetu mu kashô, hapana.

Pari ni jambo ya siasa

Wengine watasema: basi harakati iingie mu mambo yake, ituachie pari. Siyo hivyo. Konstitusyo yetu, artikle 36, inasema kazi ni haki na wajibu mtakatifu kwa kila Mkongomani. Artikle 41 inasema mtoto ni mtu mwenye hajafikia miaka 18. Tembea mu komine yako, saa ya masomo, uangalie nani anasimama mbele ya kibanda cha pari. Artikle zote mbili zimesimama pale, zimekunja mikono.

Inchi zingine zilijaribu. Uganda, Januari 2019, rais Museveni aliagiza leseni mpya za pari zisitolewe. Kenya, ile ya Nairobi siyo komine yetu, Julai 2019 serkali ilikataa kurudilia leseni za kampuni mingi. SportPesa ikafunga mwaka uleule. Klabu za mpira zenye zilikula mu mkono wake, Gor Mahia na AFC Leopards, zikabaki bila mdhamini. Mu 2020 jina lilelile likarudi. Funzo lake: kufunga mlango kwa kelele haitoshi, kama hakuna sheria yenye kusimama na kama mpira wote unalishwa na pari.

Sisi hatuombi kelele. Tunaomba mambo ine, na napendekeza Jumamosi tuyachukue kama msimamo wetu.

Moja, Leta itangaze, mu karatasi yenye kila raia anaweza kusoma, kampuni gani ziko na ruhusa ya pari mu Haut-Katanga, zinalipa kodi ngapi, na kodi hiyo inaingia wapi.

Mbili, hakuna kibanda cha pari karibu na masomo, na mwenye kibanda anayemuuzia mtoto tike alipishwe, afungiwe.

Tatu, kila tike iandike, kwa Kiswahili na Kifaransa, kwa wastani franka ngapi mu 1.000 zinarudi ku wachezaji. Mama wa soko anaonyesha kipimo chake cha unga. Kampuni pia ionyeshe kipimo chake.

Ine, kampuni za telefone ziweke njia nyepesi ya raia kujua ni namba ngapi na konti ngapi ziko mu jina lake, na kufunga zile hazijui.

Na sisi kwa sisi, tuandike sharti moja mu kanuni zetu: hakuna mwanachama anaomba jina, kadi ao kode ya mwanachama mwingine. Kwa shughuli yoyote. Hata kama ni yaya, hata kama ni mratibu.

Sanduku itakua namna gani, sasa?

Ni ulizo ya haki, na wale wenye kuleta roboti waliiuliza mbele yetu. Ni vijana wenye akili. Kama wanaweza kufanya programu yenye kusoma kote za kampuni kumi na mbili, wanaweza kufanya ile yenye kusoma bei ya mufuko wa unga mu soko tano za Lubumbashi kila asubuhi na kuitangaza. Watu watalipa juu ya hiyo, na tutakuwa na silaha ya kuongea na Leta.

Likelemba yetu iko. Haina kijani ku telefone, haiongezi feza kwa uchawi. Lakini wazazi wetu walisomesha watoto nayo wakati mishahara ya Gécamines ilichelewa miezi na miezi. Mu likelemba, feza yenye kuingia ni ile yenye kutoka. Hakuna mwenye duka katikati anayekula 84 mu 1.000. Wazee wenye kukumbuka Bindo Promotion, ile ya Kinshasa, 1991, yenye iliahidi kuzidisha feza ya watu na ikaanguka nayo, watatuambia wakati huo nani alibaki na kitu ku nyumba.

Tukiwa sitini na kila mmoja anatoa franka 2.000 kwa mwezi, ni franka 120.000. Kila mwezi. Nafasi ya kuzipata haiko 48 mu 100. Iko mu mkono wetu sisi wenyewe.

Jumamosi mkutano utauliza. Kila mtu aje na hesabu yake. Mwenye kuona nimekosea namba, asimame aonyeshe mbele ya wote, na sote tutahesabu pamoja. Mimi nitainua mkono ku hapana. Na wadogo wenye walishaombwa kadi yao: musingoje Jumamosi. Mukatae leo.